Muulize Muuguzi: Uboho si uti wa mgongo

Mwezi huu nimechagua barua tatu tu, na zote ni za jambo moja: kuchangia uboho, ambao wengine mnauita uloto, na seli shina zinazotengeneza damu. Nimehudumu miaka 14 katika wodi ya wagonjwa wanaopandikizwa uboho, na mimi mwenyewe nilimchangia mtu nisiyemjua nikiwa na miaka 27. Mtanisamehe jibu la kwanza likiwa refu.

*Dada Muuguzi, shikamoo. Nina miaka 24. Mwaka juzi nilijiandikisha kuwa mchangiaji wa uboho. Walinisugua shavu kwa ndani na kijiti chenye pamba, basi, nikasahau. Wiki iliyopita nimepigiwa simu kwamba kuna mgonjwa ninayeelekea kufanana naye. Nilifurahi, nikamwambia mama. Mama amelia siku mbili. Anasema watanitoboa uti wa mgongo, nitapooza au nitakosa uzazi. Simu ilipopigwa tena niliwajibu kwamba niko tayari, nikijua moyoni kwamba siku ikikaribia ndipo nitaamua. Nimekosea?*
*Kijana Aliyekwama*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mama, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Watu wengi wamewahi kusikia habari za mgonjwa aliyechomwa sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, na hadithi hizo husimuliwa kwa kutisha. Mtu akisikia tena sindano, mfupa na mgongo, anaziunganisha. Mpe mama jarida hili asome kuanzia hapa.

Mama, shikamoo. Uti wa mgongo umepita ndani ya pingili za mgongo, na ndio unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Huo hauguswi. Uboho ni kitu kingine kabisa: ni ute laini ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Unaochangiwa huchotwa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Simama, mama, weka mikono kiunoni kama mtu aliyechoka kusimama, vidole gumba vielekee nyuma. Pale gumba linapokutana na mfupa mgumu, juu kidogo ya makalio, ndipo sindano inapoingia. Pako mbali na uti wa mgongo, na hapahusiani kwa lolote na uzazi.

Mimi nilipochangia nililazwa usingizi wa nusukaputi, nikalala kifudifudi. Kazi yenyewe huchukua kati ya saa moja na mbili. Nilipozinduka jambo la kwanza nilipeleka mkono nyuma kupapasa, nikakuta plasta mbili, moja kila upande. Hakukuwa na mshono. Maumivu yalikuja jioni, kama ya mtu aliyeteleza akaangukia makalio kwenye sakafu. Siku ya pili sikuweza kuinama kuvaa soksi, na ngazi nilizipanda kwa kushikilia ukuta. Siku ya kumi nilirudi kazini, ingawa nguvu zangu zote zilirudi wiki ya tatu. Kinachochotwa ni kama lita moja ya uboho uliochanganyika na damu, ikizidi au kupungua kulingana na miili ya wote wawili, na mwili hukirudisha chote ndani ya wiki nne hadi sita. Sisemi hakuna hatari. Nusukaputi ina hatari zake, na wapo wachache wanaoumwa kiuno kwa muda mrefu kuliko nilivyoumwa mimi. Ndiyo maana mwanao atapimwa kwanza mwili mzima, na daktari atakayempima hatakuwa yule anayemtibu mgonjwa. Akiona lolote la kutilia shaka, atamzuia.

Tena, mama, huenda nyonga isiguswe kabisa. Siku hizi wachangiaji wengi hutoa seli shina kupitia damu ya mkononi. Mtu huchomwa sindano za filgrastimu siku nne au tano mfululizo, na dawa hiyo huufanya uboho utoe seli shina nyingi zaidi na kuzimwaga kwenye damu. Siku hizo mifupa huuma, kichwa huuma, mwili huchoka kama wa mtu mwenye mafua. Kisha anakaa kitini saa nne hadi sita. Damu inatoka mkono mmoja, inapita kwenye mashine inayochuja seli shina, na iliyobaki inarudi kwa mkono wa pili. Wengine huitwa tena kesho yake. Hakuna usingizi wala kisu. Daktari wa mgonjwa ndiye anayeomba njia inayomfaa mgonjwa wake, lakini mchangiaji ana haki ya kusema hii naikubali na ile siikubali. Asante kwa kunisoma, mama.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Umeuliza kama umekosea. Kuogopa hujakosea, na kumsikiliza mama hujakosea. Ulipokosea ni kusema uko tayari huku moyoni umeahirisha uamuzi.

Nikueleze mambo yanavyokwenda upande wa pili, ambako wewe huoni. Simu uliyopigiwa bado si mwisho: utatolewa damu tena kuhakikisha mnafanana, na wengi huishia hapo kwa sababu amepatikana anayefaa zaidi au hali ya mgonjwa imebadilika. Ukichaguliwa, tarehe inapangwa. Karibu wiki moja kabla ya tarehe hiyo mgonjwa anaanza kupewa dawa kali, pengine na mionzi, za kuua uboho wake wote uliougua ili wako upate pa kukaa. Dawa hizo zikishaanza hakuna kurudi nyuma. Mtu anabaki bila uboho wake, anasubiri mfuko kutoka kwako. Kisheria unaweza kujitoa hata siku hiyo, hakuna atakayekufunga kamba. Lakini yeye atakufa.

Kabla ya dawa hizo kuanza, hapana yako haimuui mtu. Inaokoa muda, kwa sababu wanaotafuta wanahamia kwa mwingine siku hiyohiyo. Kinachoumiza ni ukimya. Nilimhudumia mama mmoja ambaye mchangiaji wake hakukataa. Aliacha tu kupokea simu. Leo ataitika, kesho ataitika, zikapita wiki tano. Ugonjwa wake uliokuwa umetulizwa kwa tabu ukaamka kabla mchangiaji wa pili hajapatikana. Nilikuwa namsugua miguu usiku na hakuwahi kumlaumu yule mtu. Aliniuliza tu, "Hivi unadhani anaumwa?"

Usifikiri pia kwamba wako wengi nyuma yako kwenye foleni. Duniani wameandikishwa zaidi ya watu milioni 40, na bado kuna wagonjwa wasiopata hata mmoja. Kinacholinganishwa ni alama ziitwazo HLA zilizo juu ya seli zetu, na tunazirithi kwa wazazi, kwa hiyo anayefanana nawe kwa kawaida ni mtu mwenye asili kama yako. Watu wenye asili ya Afrika ndio wenye alama za aina nyingi kuliko wote, na ndio walio wachache zaidi madaftarini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba mzungu wa asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 kumpata aliyefanana naye kikamilifu kwenye daftari la huko. Kwa watu weusi wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, nafasi hiyo ni asilimia 16. Hata daftari la kwanza la aina hii lilizaliwa kwa uchungu wa namna hiyo. Lilianzishwa London mwaka 1974 na Shirley Nolan, mama aliyekuwa akimtafutia uboho mwanawe Anthony. Mtoto alifariki mwaka 1979, wa kufanana naye hakupatikana.

Kwa hiyo kaa na mama jioni hii. Msomee, mwache aulize, nenda naye siku ya kupimwa akamuulize daktari mwenyewe. Kisha piga simu wewe, usisubiri kupigiwa. Ukiamua hapana, iseme wiki hii, na hakuna mtu mwenye haki ya kukusuta. Ukiamua ndiyo, basi iwe ndiyo ya mtu aliyekwisha kuogopa akamaliza.

*Dada Muuguzi, habari za kazi. Mdogo wangu wa tumbo moja ana sikoseli, na daktari ametaja kupandikizwa uboho. Mimi ni kundi A, yeye ni O, tena niliwahi kupimwa nikaambiwa nimerithi sikoseli upande mmoja ingawa siumwi. Ndugu wanasema tusijisumbue, siwezi kumfaa.*
*Dada Mkubwa*

Nzuri, dada. Jisumbueni. Kundi la damu si kizuizi. Pakiwa na tofauti kama yenu, madaktari huondoa chembe nyekundu kwenye uboho wako kabla mdogo wako hajawekewa, na uboho wako ukishika ndani yake, baada ya miezi kadhaa mdogo wako atakuwa na damu ya kundi A kama wewe. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini nimebadilisha makundi kwenye mafaili ya wagonjwa kwa mkono wangu. Kurithi upande mmoja nako hakukuzuii. Atapata damu kama yako, na wewe huumwi.

Kinachoangaliwa ni zile HLA. Kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Mkapimwe wote. Mkikosa wa kufanana kabisa, mwulizeni daktari kuhusu mchangiaji wa nusu, maana siku hizi mzazi au ndugu aliyefanana nusu naye huweza kutumika mahali penye ujuzi huo.

Neno moja kwa ndugu: msimshike mtu mashati. Nimemwona kijana akiletwa na wajomba watatu, kila mmoja akijibu maswali aliyoulizwa yeye. Mwombeni daktari azungumze na kila anayepimwa peke yake, mlango umefungwa. Asiyetaka aseme humo ndani, na yatakayosemwa yabaki humo.

*Mpendwa Dada, mwaka jana nilitoa seli shina kwa mashine. Niliambiwa anayepewa ni mtoto wa kike, zaidi ya hapo sijui. Mwezi uliopita nimearifiwa kwamba amefariki. Silali. Kuna mtu ameniambia kuwa seli za mchangiaji zinaweza kumshambulia mgonjwa. Je, ni mimi niliyemuua?*
*Aliyeshindwa*

Mpendwa wangu, pole sana. Kwanza nitalifuta hilo jina ulilojipa, katika jibu hili wewe ni Mchangiaji.

Sitakuficha kitu. Ni kweli kwamba seli za mchangiaji huweza kuuona mwili wa mgonjwa kama mgeni na kuushambulia, kwenye ngozi, tumbo au ini. Hutokea hata kwa waliofanana vizuri, na madaktari hutoa dawa za kuzuia wakijua kwamba huenda zisitoshe. Lakini tabia hiyohiyo ya seli zako ndiyo inayotegemewa kuwinda seli za saratani zilizojificha. Hukuzifundisha wewe na hukuwa na namna ya kuzizuia. Wengine huchukuliwa na maambukizi katika zile wiki ambazo hawana kinga yoyote, na wengine ugonjwa wa kwanza hurudi. Mtoto yule alifikishwa kwenye upandikizaji kwa sababu bila huo, ugonjwa ungemmaliza. Wewe ulikuwa njia iliyobaki wazi.

Mwaka 1957 Dk. E. Donnall Thomas wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa wake sita wa kwanza aliowapa uboho wa watu wengine. Hakuna aliyefikisha siku mia. Mwaka 1990 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na nikiwahudumia wagonjwa wanaotembea leo nawakumbuka wale sita na waliowachangia.

Na mimi pia, Mchangiaji. Mtu niliyempa uboho wangu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Simu ilinikuta kwenye korido ya wodi, nimevaa glavu, na nilisimama pale nikihisi kiuno kinauma upya, ingawa kilikuwa kimepona zamani. Niliuliza swali moja tu, kama aliwahi kurudi nyumbani. Wakaniambia alirudi, akakaa miezi minne. Hiyo miezi minne niliishika, na bado naishika.

Piga simu kwa waliokuarifu, uulize kama familia ingepokea barua isiyo na jina. Huwa inapitia kwao, nao huondoa chochote kinachoweza kukutambulisha. Waambie pia kama ungependa kubaki daftarini au upumzike. Mimi nilibaki. Barua yangu ilinichukua wiki sita na ilikuwa na mistari saba. Sikuomba msamaha ndani yake, na wewe usiombe. Nilimwandikia mkewe kwamba nilikuwa nikimwombea mumewe kila nikipanda ngazi, kwa sababu ngazi ndizo zilizokuwa zikinikumbusha.