Filimbi ya mbao: tundu moja limeshuka sauti

Mkuu, kama nimekuelewa, filimbi yako ya matundu sita iko sawa ila ukifungua la tatu kutoka chini sauti inashuka kidogo. Usikimbilie kutoboa upya. Ipige kwanza dakika tano ipate joto, maana filimbi ya baridi hushuka yote, ndipo upime sauti kwa programu ya simu ya kupimia noti.

Ikiwa bado, panua tundu hilo kwa tupa ndogo ya mviringo, ukila upande unaoelekea mdomoni. Mikwaruzo miwili mitatu, puliza unga utoke, pima tena. Mimi niliwahi kupitiliza kwa haraka zangu, sauti ikapanda kupita kiasi. Nililainisha nta ya nyuki vidoleni nikaipachika kwenye ukingo huohuo, ikarudi. Ilidumu hadi nilipoisahau filimbi kwenye gari juani!

Ila jaribu na sauti za juu. Zikigombana zote na za chini, usiguse matundu, tatizo ni kizibo, kile kinachoziba filimbi kwa ndani kwenye ncha iliyo karibu na tundu la kupulizia. Anza kukiweka mbali na katikati ya tundu la kupulizia kwa kipimo sawa na kipenyo cha ndani, kisha kisogeze kidogokidogo ukisikiliza.