Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujaingia Alhambra

Sisi ni walimu 12 wa Nakuru na tutazuru Alhambra, kule Granada, Hispania, mwezi wa Agosti. Mwongozaji anataka tukutane saa nne asubuhi, ila tiketi imechapishwa 11:30. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Saa nne ni ya kukutana. 11:30 ni saa tano na nusu kwa hesabu yetu, na hiyo ndiyo saa ya kuingia Kasri za Wanasri, ukoo wa wafalme Waislamu wa Granada, sehemu ambayo kila mtu huifuata pale. Hakikisheni hakuna mwenzenu atakayesoma 11:30 akaelewa saa kumi na moja na nusu jioni, kwa sababu mlango wa kasri haumngoji mtu. Ukichelewa, nafasi imekwenda, na mwongozaji hana uwezo wa kukuombea.

Ngome ya Alcazaba na bustani za Generalife hazibani hivyo. Mwongozaji mzuri huanza na bustani, kisha huwateremsha kasrini robo saa kabla ya wakati. Kutoka lango kuu la tiketi hadi mlango wa kasri ni mwendo wa dakika 15 hadi 20, na hapo ndipo wengi hukwama: wanafika lango kuu 11:25 wakidhani wamewahi.

Bebeni pasipoti zenyewe, si nakala. Tiketi hukatwa kwa jina la mtu, na pasipoti hukaguliwa tena mlangoni pa kasri. Jazeni majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Pia tazameni kama tiketi inataja Palacios Nazaríes, yaani Kasri za Wanasri. Kuna tiketi ya bei nafuu ya bustani na ngome pekee, na aliyeinunua bila kujua huishia kulitazama kasri kwa nje.

Mimi ni fundi wa mabomba, Kisumu. Je, ni kweli chemchemi zile zilifanya kazi karne ya 14 bila pampu? Nitazame wapi?

Ni kweli, ndugu, na ukituuliza sisi, hii ndiyo sababu bora ya kwenda. Ahero tunayavuta maji ya mto Nyando kwa pampu. Kule wajenzi walianzia juu: waliuchepua mto Darro kilomita kadhaa kutoka kasrini, wakachimba mfereji kandokando ya kilima kwa mteremko mdogo sana, maji yakafika yakiwa bado juu ya majengo. Yalipita Generalife kwanza, kisha yakavuka kwa daraja la mfereji hadi Alhambra. Kilichobaki ni kazi ya uzito wa maji yenyewe.

Generalife, tafuta ngazi za maji. Juu ya kuta za pembeni, pale unapotarajia kushikilia kwa mkono, pamechongwa mifereji ambamo maji huteremka. Katika ua wenye mfereji mrefu utaona maji yakirushwa kwa upinde kutoka pande mbili; usiyahesabu kuwa ya Wanasri, yaliongezwa baadaye.

Ndani ya kasri, nenda kwenye Ua wa Mihadasi, kila ncha ya bwawa. Kuna bakuli la duara la marumaru ambamo maji huibuka, huzunguka na kupoteza kasi, ndipo yaingie bwawani. Yangemiminwa moja kwa moja, yangeleta mawimbi na kuvunja taswira ya mnara ndani ya maji. Makundi mengi hupita hapo kwa dakika mbili, kwa hiyo mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka kusimama. Mbele kidogo ni Ua wa Simba: simba 12 wa marumaru, nguzo 124, na vijifereji vinne vinavyokutana katikati.

Nina mtoto wa mwaka mmoja, na mama yangu anaumwa magoti. Tutaweza? (Kakamega)

Mtaweza, dada, mkipunguza. Kigari cha mtoto hakiruhusiwi ndani ya Kasri za Wanasri. Mbebe mtoto kwa leso, lakini kifuani, kama wanavyotakiwa wenye mikoba ya mgongoni. Mkoba mkubwa huachwa nje. Msipande kwa miguu kutoka mjini, mlima ni mkali: basi la C30 au C32 litawafikisha. Mama aruke mnara wa Alcazaba na ngazi za maji. Badala yake apumzike katika kasri la mfalme Charles V, humohumo Alhambra, ambako kuingia ni bure. Nendeni msalani kabla, kwa kuwa ndani ya Kasri za Wanasri hakuna choo.

Nimeona pichani maandishi yaleyale ya Kiarabu yakirudiwa kila ukuta. Yanasemaje? (Mumias)

"Wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kaulimbiu ya Wanasri, waliotawala Granada hadi walipoukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492. Sehemu kubwa imechongwa kwenye lipu ya jasi, si jiwe. Jasi hulika kwa jasho na mafuta ya vidole, ndiyo maana mlinzi atakukemea ukiigusa hata kwa kidole kimoja.