Poka bila seva: anza na yule anayeondoka mezani

Vijana wa programu hapa Lubumbashi wakisikia kwamba nimejenga meza ya poka (mchezo wa karata wa kuwekeana dau) isiyo na seva, yaani simu za wachezaji zinaongea zenyewe, swali lao la kwanza huwa moja: karata zinachangwaje bila mgawaji? Ni swali zuri, lakini ndilo lililopata jibu zamani kuliko yote. Wataalamu wa kriptografia (hesabu za kufunga siri) Shamir, Rivest na Adleman walilijibu mwaka 1979. Yatakayokutoa jasho ni mengine. Tupitie hilo kwanza, maana lina mtego unaonasa watu hadi leo.

Na kwa nini kujisumbua? Kwa sababu seva inaona karata zote, na mwenye seva ni binadamu. Mwaka 2007 wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker waligundua akaunti iliyokuwa ikiona karata za wenzake. Hata mwenye seva akiwa mwaminifu, anaweza kuchanga vibaya. Mwaka 1999 wahandisi walionyesha kwamba programu ya poka ya ASF Software ilianzisha uchangaji kwa saa ya kompyuta, kwa kuhesabu milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu, ilhali mipangilio ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68. Ukishaona karata zako na chache za mezani, kompyuta yako inajaribu milisekunde zote za siku mpaka ipate mpangilio wenyewe.

Njia ya 1979 ni hii. Kila karata ni namba. Mchezaji wa kwanza anachagua kipeo cha siri, anapandisha kila namba kwa kipeo hicho, anagawanya kwa namba tasa kubwa na kubaki na salio, anachanga, anampa wa pili. Wa pili anafanya vilevile kwa kipeo chake. Kwa kuwa kipeo kipi kimetangulia hakubadilishi jibu, kila mmoja anaweza kuondoa tabaka lake wakati wowote. Nikitaka karata yangu, wewe unaondoa tabaka lako kwenye karata hiyo moja, mimi naondoa langu, naisoma peke yangu.

Mtego uko hapa. Ili tabaka liweze kuondolewa, kipeo lazima kiwe namba witiri. Sasa, chini ya namba tasa, nusu ya namba ni miraba ya namba nyingine na nusu si miraba. Kipeo witiri hakigusi tabia hiyo: mraba unabaki mraba, usio mraba unabaki hivyo hivyo, hata baada ya wachezaji kumi. Mwanasayansi wa kompyuta Richard Lipton ndiye aliyelionyesha. Maana yake, kama namba ulizozipa asi (karata za A) zimeangukia upande mmoja, kila mtu mezani anajua karata iliyofungwa kwamba haiwezi kuwa asi, au kwamba huenda ni asi. Dawa yake ni rahisi: chagua namba 52 zilizo miraba zote. Lakini nimesoma programu za watu walionakili njia ya 1979 bila dawa hiyo, na zinachezeka vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Leo usitumie vipeo hivyo. Tumia ElGamal, njia nyingine ya kufunga siri, kwenye mikunjo ya duaradufu (aina ya hesabu inayotumia namba fupi zaidi), kwa njia waliyoieleza Barnett na Smart mwaka 2003, na kila anayechanga atoe uthibitisho kwamba pakiti aliyoirudisha ni ile ile. Bila uthibitisho mtu atakurudishia pakiti yenye asi tano. Bayer na Groth walitoa mwaka 2012 uthibitisho mfupi wa kuchanga, na maktaba za kuufanya zipo. Usiandike wako mwenyewe, hata kama profesa wako wa chuo kikuu pale Kasapa amekusifu.

Kuchanga ni kwa foleni: wa tatu hawezi kuanza kabla ya wa pili kumaliza. Wachezaji sita wenye simu za bei nafuu watasubiri, na mtu anayesubiri anafungua WhatsApp, hapo umeshampoteza. Sisi tulipata nafuu kwa kuchanga pakiti ya mkono (raundi moja ya mchezo) ujao wakati mkono wa sasa unachezwa. Hilo peke yake lilisaidia kuliko kubana hesabu.

Sasa tufike penye uchungu. Kila karata imefungwa na watu wote sita, kwa hiyo lazima wote sita waifungue. Kile anachotuma mchezaji mmoja kuondoa tabaka lake kwenye karata moja tukiite kipande. Hesabu: karata 12 za mikononi, mbili kwa kila mtu, zinahitaji vipande vitano kila moja (cha sita ni cha mwenye karata mwenyewe), ni 60, karata tano za mezani zinahitaji sita kila moja, ni 30. Kipande kimoja tu kikikosekana, karata haifunguki. Na wewe unajua mji huu: umeme unakatika Katuba, mega zinaisha Kampemba, simu inazima mkononi. Mtu hajaiba chochote, ameondoka tu, na meza nzima imekwama.

Vitabu vinasema anayeondoka anyang'anywe amana aliyoweka kabla ya mchezo. Kwa watu wenye umeme wa saa zote, sawa. Kwetu unamnyang'anya aliyekatiwa umeme. Wengine watakwambia mkono ufutwe na kila mtu arudishiwe pesa. Basi anayeona anashindwa atazima data mwenyewe. Au funguo zigawanywe ili wanne kati ya sita waweze kufungua. Hapo wanne wakielewana wanasoma pakiti nzima. Castellà-Roca, Sebé na Domingo-Ferrer walitafuta mwaka 2005 njia ya mchezo kuendelea mtu akitoka, ila mazungumzo kati ya simu yanaongezeka.

Mambo mawili madogo yalitusaidia zaidi ya nadharia. La kwanza, anayejitoa kwenye mkono aache papo hapo vipande vyake vya karata zote za mezani, hata zisizofunguliwa. Hakuna hatari, maana vipande vya waliobaki bado vinahitajika. Na katika poka wengi hujitoa mapema, kwa hiyo kuondoka kwao hakukwamishi mtu tena. La pili, andika ufunguo kwenye kumbukumbu ya simu kabla ya kutuma pakiti uliyoichanga, si baada. Betri ikiisha katikati, mtu anarudi na ufunguo wake na mkono unaendelea. Ukichelewesha kuandika, ufunguo umekufa na simu.

Mnyororo wa bloku, yaani daftari la pamoja lisilo na mwenyewe mmoja, utumie kwa amana na ugomvi tu. Ethereum, mmoja wa minyororo hiyo, inatoa bloku (ukurasa mpya wa daftari) kila sekunde 12. Hakuna mtu wa Kamalondo atakayesubiri sekunde 12 kuambiwa mwenzake amepandisha dau. Hatua za mchezo zipite moja kwa moja kati ya simu, kila moja ikiwa na sahihi, na hatua ya mwisho iliyosainiwa na wote ndiyo ushahidi mkigombana.

Liko jambo ambalo kriptografia haitalimaliza: ndugu wawili waliokaa chumba kimoja, wanaonyeshana karata. Tena sisi tunalifanya kuwa baya zaidi. Kampuni yenye seva inaweza kupitia mikono ya zamani na kuona kwamba fulani na fulani hawapigani kamwe. Kwenye meza yetu karata za aliyejitoa hazionwi na mtu, kwa hiyo hakuna wa kupitia chochote. Ndiyo maana nashauri uanze na mchezo wa watu wawili, ambapo hakuna wa kuelewana naye. Ila chagua usio na kikomo cha dau: ule wenye kikomo, wa wawili (Texas Hold'em), watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta waliutatua kwa kompyuta Januari 2015, yaani mashine inaucheza karibu bila kosa.

Pesa za kweli ziache mpaka umeongea na mwanasheria. Kwa sasa kaa na simu mbili, zima data ya moja katika kila hatua ya mkono, moja baada ya nyingine, tangu kuchanga hadi kufunua, na uangalie ile nyingine inaonyesha nini.