Presha ya ukoo: maswali yenu wiki hii

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 19, presha 170/110, na dawa mbili hazijaishusha. Kaka yangu, yaani mjomba wake, alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 34. Watu wanasema tumelogwa.

Marahaba mama, na pole sana. Hamjalogwa. Presha ya juu kiasi hicho kwa binti wa miaka 19, na mjomba kaanguka kwa kiharusi kabla ya 40, lazima itafutiwe chanzo. Huenda ni jeni moja tu yenye hitilafu. Chukua daftari, uchore ukoo: nani alianza presha lini, nani alipooza, nani alifariki ghafla na akiwa na umri gani. Nenda nalo kliniki, kisha omba binti apimwe damu: potasiamu, ambayo ni madini ya damu, na renini na aldosteroni, kemikali za mwili zinazodhibiti chumvi na presha. Baadhi ya dawa za presha huvuruga majibu ya vipimo hivi, hivyo daktari azijue zote, lakini binti asiziache mwenyewe.

Renini ikiwa chini na aldosteroni juu, tezi zilizo juu ya figo huenda zinamwaga homoni kupita kiasi. Ipo aina ya kurithi ambapo jeni mbili zimeungana vibaya. Hiyo ndiyo huleta kiharusi cha kuvuja damu ujanani, na hutulizwa kwa dozi ndogo ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Zote mbili zikiwa chini, ufikiriwe ugonjwa wa Liddle, ulioelezwa mwaka 1963, ambao figo hung'ang'ania chumvi. Huo hausikii dawa ya presha iitwayo spironolaktoni, unasikia nyingine iitwayo amiloraidi. Ndiyo maana inaniuma kuona kijana anabadilishiwa vidonge kwa kubahatisha.

Potasiamu ya mdogo wangu ni ya kawaida. Basi presha yake si ya kurithi?

Hapana, usitulie bado. Wengi wenye magonjwa haya wana potasiamu ya kawaida. Katika ugonjwa wa Gordon, aina nyingine ya presha ya kurithi, potasiamu hata hupanda, na presha hushuka kwa haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza.

Baba yangu ana presha. Watoto wangu je?

Presha ya juu inayowapata watu wengi hutokana na jeni nyingi, pamoja na chumvi, unene na umri, kwa hiyo si lazima waipate. Ila mzazi mwenye ugonjwa wa Liddle, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi. Hao wapimwe tangu wadogo, kwa mkanda unaotosha mkono wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima husoma chini ya presha halisi.