Kuhusu mzee wako wa "ndivyo ilivyokuwa"

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka. Unauliza umfanye nini yule mstaafu wa darasa lako la uandishi ambaye kila akiambiwa kwamba mhusika wake hana sababu ya kuondoka nyumbani, anajibu, "Ndivyo ilivyokuwa." Unataka kujua kama umkataze kuandika maisha yake, umpe hadithi ya kubuni kwa lazima.

Kwanza nikuulize mimi: mle ndani wanaandika? Maana barua nzima umesimulia mnavyojadili. Mtu mzima, mwanangu, kalamu kwanza. Mtoto wa shule utamweleza mgogoro na kilele saa nzima, atavumilia, anangoja kengele. Mtu mzima ametoka kazini amechoka, ada kalipa mwenyewe, na anaogopa kuchekwa. Ukimwacha akae akisikiliza tu, hofu ile inakomaa. Mpe dakika 10 za kuandika bila kufuta, na asiyetaka kusoma alichoandika asisome. Wengi watakuletea insha ya shule, methali juu na funzo chini, kwa kuwa hapo ndipo walipoishia na mwalimu wao wa mwisho. Haidhuru, itawatoka.

Hayo ya kujadili ndiyo yaliyonikumbusha yule mama wa maziko. Mama yako anasema nimeshamsimulia kila mtu, lakini wewe vumilia. Wakati ule nilifuata utaratibu unaohusishwa sana na darasa la uandishi la Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1936: mwenye kazi anakaa kimya mpaka wenzake wamalize kuijadili. Yule mama akatusomea kurasa mbili za maziko ya baba wa mhusika wake. Kulikuwa na bwana mmoja, msomaji mkali na mpenda sauti yake, akasema haamini hata kidogo: binti gani huyo, baba amelala ndani, naye hata chozi? Wenzake wakamuunga mkono. Mama amekaza midomo, ananitazama, mimi natazama saa. Mwisho uzalendo ukamshinda.

"Hakulia kwa sababu alikuwa anahesabu viti! Viti vya kukodi, na aliyeandikwa jina ni yeye!"

Bwana yule akageuza karatasi, akaipekua huku na huku, akasema kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake: "Sasa mbona viti havimo?"

Havikuwamo kwa sababu aliona aibu. Aliona viti haviendani na msiba. Kumbe hadithi yote ilikuwa imekalia hivyo viti! Mpaka leo nikikumbuka sura ya yule bwana nafurahi peke yangu.

Je, kimya kile ni kizuri? Hapo nabishana na nafsi yangu. Angeruhusiwa kusema tangu mwanzo, angejitetea kama mzee wako, na viti visingetoka. Lakini kimya hichohicho nilikiona kikimfukuza binti mwingine. Alisikiliza kazi yake ikichambuliwa, akasema asante, hakurudi tena. Yule bado ananiuma. Leo ningemwacha mwenye kazi aulize yeye kwanza: mlichoka wapi, mlimwamini nani? Halafu nakumbuka viti, nasita.

Na kuhusu ukweli, mtazame shangazi yako na harusi yetu. Yalikuwa manyunyu. Kila mwaka anavyosimulia mvua inaongezeka, mara ya mwisho ilibeba viatu vya bwana harusi, na mezani anayesikilizwa ni yeye, si mimi niliyevaa hivyo viatu.

Turudi kwa mzee wako. Umkataze? Darasa ni lako, siamui. Ingawa kumnyang'anya mtu wa umri ule maisha yake, umpe ya kubuni, jamani... Haya, nimesema siamui. Mfanye aandike tu. Achukue sura ileile ya kuondoka nyumbani, aitoe katika nafsi ya kwanza, aisimulie kwa macho ya ndugu aliyebaki mlangoni. Ndugu huyo hajui kwa nini mwenzake anaondoka, kwa hiyo itabidi amtazame vizuri: amebeba nini, ameacha nini, amemuaga nani. "Ndivyo ilivyokuwa" haitamsaidia hapo, kwa sababu hakuwa yeye. Dakika 10, na kalamu kwanza, usimweleze sababu.

Akigoma, niandikie. Akiandika, niletee nakala, ila muombe ruhusa, ni mali yake. Na mama yako anauliza maboksi yako ya vitabu utakuja kuyachukua lini.

Baba yako