Muulize Mfamasia: Sanduku la dawa msikitini

SWALI

Assalaam alaykum, dada mfamasia. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa hapa Tanga. Ramadhani iliyopita mzee wetu mmoja alianguka kwenye tarawehe. Huyu anamwagia maji, yule anataka kumtia kidonge chake cha presha chini ya ulimi. Bahati mwanawe alikuwapo, akasema baba ana kisukari, akanyweshwa juisi akakaa sawa. Baada ya hapo tulitundika sanduku la dawa karibu na mihrabu, waumini wakaitikia, sasa limejaa: dawa za presha, amoksilini, za kikohozi, hata sindano. Ufunguo ninao mimi. Kibaki nini, kitoke nini? Na mtu akibanwa na pumu, inafaa kumpa pampu isiyo yake?

*Katibu, Tanga*

JIBU

Waalaykumu salaam, Katibu. Nia yenu njema, ila mlichonacho humo ni masalia ya makabati ya watu. Hakuna dharura ya msikitini inayotibiwa kwa amoksilini. Na kile kidonge cha presha chini ya ulimi, hasa nifedipini, ndicho ninachokiogopa kuliko vyote: kinaweza kushusha presha kwa ghafla mno, ubongo na moyo vikakosa damu. Mzee wenu angekitafuna akiwa sukari imemshuka, leo tungekuwa na swali jingine. Zikusanyeni zote mzipeleke kwa mfamasia wa hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho jirani, awaelekeze namna ya kuziteketeza. Msizitupe jalalani.

Mimi ningebakiza vitu vitatu tu: sukari, pampu ya pumu na aspirini.

Sukari iwe kwenye kopo la kifuniko cha kubana, maana sisimizi nao ni waumini, pamoja na kijiko na chupa ya maji. Aliyeshukiwa na sukari hutetemeka, hutoka jasho la baridi, huropoka. Wengine hudhani amepandisha jini. Mkitaka kumsomea, msomeeni huku anakunywa. Vijiko vitatu vya chai kwenye nusu glasi ya maji, mngoje dakika 15, hajakaa sawa mrudieni. Tende na mkate vifuate baadaye. Akiwa amezimia msimtie chochote mdomoni: mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Ikitokea mchana wa Ramadhani atakataa kufungua, nawajua wazee wetu. Imamu amkumbushe kuwa mgonjwa ameruhusiwa kulipa siku nyingine, aya ya 184 ya Suratul Baqara. Likitoka kwa imamu watalisikia, likitoka kwangu hawatalisikia.

Sasa pampu. Inafaa, kwa mtu anayejulikana kuwa na pumu na aliyewahi kuitumia. Si kila anayehema. Uingereza walibadilisha sheria Oktoba 2014, shule zikaruhusiwa kununua pampu za dharura za salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, bila cheti cha daktari cha mtoto fulani, kwa sababu watoto huzisahau nyumbani. Na watu wazima ni vivyo hivyo, hasa wakiwa na kanzu mpya ya Ijumaa isiyo na mfuko wa kutosha. Kama mna daktari miongoni mwa waumini, awaandikie, mkanunue famasi yenye mfamasia na awaonyeshe kwa vitendo.

Tatizo la pampu ni kwamba aliyebanwa hawezi kuivuta vizuri. Dawa yote huishia kooni. Chukueni chupa ya maji ya nusu lita, iosheni kwa sabuni na muiache ichuruzike bila kuifuta. Pasheni waya moto, muupinde kwa umbo la mdomo wa pampu, mtoboe kitako cha chupa. Chomekeni pampu, zibeni pembeni kwa gundi au plasta. Mgonjwa aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, abonyezewe mara moja, apumue taratibu mara nne tano, kisha abonyezewe tena. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto, wakachapisha mwaka 1999: chupa hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Kikombe cha plastiki nyepesi hakikufua dafu. Aanze na mibonyezo miwili, kisha miwili kila baada ya dakika mbili, isizidi 10. Hata kabla ya hapo, akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, bajaji iwe imeshawashwa. Chupa akishaitumia ni yake, aondoke nayo.

Aspirini ni ya kifua kinachobana katikati, maumivu yakipanda taya au mkono, na jasho. Atafune moja ya miligramu 300, au zile ndogo za 75 nne, akiwa njiani kwenda hospitali. Asipewe mwenye mzio nayo au vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, wala aliyepinda mdomo au kulegea upande mmoja; huyo anaweza kuwa anavuja damu kichwani.

Kuhusu mahali, hapo mihrabuni hapafai. Kwanza, kwa kawaida ndipo amplifaya ilipo, na pampu haitaki joto la zaidi ya nyuzi 30. Pili, mama zetu walioko nyuma ya pazia watalifikiaje? Mtoto atumwe apite safu zote za wanaume huku mtu anakata roho? Tengenezeni masanduku mawili, moja upande wao, na mfundisheni mmoja wao matumizi yake. Na ufunguo, Katibu, uache nyumbani, sanduku lisitiwe kufuli. Mkihofia watoto wa madrasa, lipandisheni juu ya kimo chao, mlifunge kwa uzi unaokatika ukivutwa.

Tarehe za mwisho wa matumizi ziandikwe kwa kalamu nene nje ya sanduku, pamoja na namba ya dereva wa bajaji anayelala jirani. Mkague kila Shaabani, na tena Mfungo Sita, kabla watu hawajaanza kumiminika kwenye Maulidi.