Maji ya Ziwa Victoria hayahitaji ruhusa ya Misri

Umeniuliza kama Tanzania lazima iombe ruhusa Misri kuchota maji ya Ziwa Victoria, kwa kuwa maji yake yanaingia mto Nile. La sheikh, haiombi. Sharti hilo la ruhusa limo katika mkataba wa 1929, ambao Muingereza alikubaliana na Misri kwa niaba ya makoloni yake. Julai 1962 serikali ya Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa Tanganyika haifungwi nao. Nimesomesha historia skuli hapa Unguja, na suala hili wanafunzi hawakuchoka kuniuliza. Tena si maandishi matupu: maji ya ziwa hilo yanafika Kahama na Shinyanga kwa bomba.

Ila Misri haijakubali mpaka leo. Inashikilia huo wa 1929 na ule wa 1959, ambao maji ya Nile waligawana wawili tu: kwa mwaka mita za ujazo bilioni 55.5 Misri, bilioni 18.5 Sudan. Ethiopia, ambako maji mengi ya Nile yanatoka, haikutengewa hata tone! Hilo linaniuma kweli. Mkataba mpya wa bonde la Nile, ambao Tanzania imo, ulianza kazi Oktoba 2024, lakini Misri na Sudan wamekataa kuutia saini.